Namna ya Kudhibiti Swingi na Mwendo wa Uchezaji katika Programu za Kuandikia Nota

Programu ya kuandikia nota hucheza kile ilichoandikiwa, na ikikuta nota mbili za thumuni ndani ya pigo moja, hulikata pigo hilo katikati na kuzipa nota hizo urefu ulio sawa kabisa. Mpiga saksafoni wa jazi akisoma nota hizohizo hafanyi hivyo. Huirefusha ya kwanza, akaichelewesha ya pili, akaipa hiyo ya pili mkazo kidogo, na kiasi cha kurefusha hukibadilisha kulingana na kasi ya wimbo bila ya kuambiwa na mtu yeyote. Ndiyo maana mtunzi anayeandikia bendi kwa kompyuta mara nyingi hupata karatasi iliyo sahihi na sauti iliyokauka. Programu kubwa za leo, zikiwemo MuseScore, Sibelius na Dorico, zina mpangilio wa swingi, yaani wa mwendo huo wa kurefusha na kuchelewesha, unaorekebisha jambo hili, lakini mpangilio huo ukiachwa kwenye thamani yake ya mwanzo huzaa tatizo jingine: kila wimbo, uwe wa polepole au wa haraka, huyumba kwa kiasi kilekile.

Katika maelezo yanayofuata, nota ya pigo ni ile thumuni inayoanza pamoja na pigo, na nota ya kati ni thumuni inayoifuata ndani ya pigo hilohilo. Asilimia ya swingi ni sehemu ya pigo inayochukuliwa na nota ya pigo. Kwa hesabu hiyo, asilimia 50 ni mgawanyo sawa usio na swingi; asilimia 67 ni uwiano wa mbili kwa moja, ambao ni sawa na kuligawa pigo katika tripleti, yaani nota tatu zilizo sawa, na kuziunganisha nota mbili za mwanzo; na asilimia 75 ni uwiano wa tatu kwa moja, yaani thumuni yenye nukta ikifuatwa na nusu thumuni. Kipimo hiki cha asilimia hakikuanzia kwenye programu za nota. Kilienezwa na mashine za ngoma zilizobuniwa na Roger Linn, aliyeweka swingi kwenye LM-1 ya mwaka 1980 na baadaye kwenye MPC60 ya mwaka 1988, ambayo swingi yake ilikwenda kutoka asilimia 50 hadi 75. Mtu aliyezoea mashine hizo au programu za kurekodia ataikuta lugha ileile kwenye programu za nota.

Andika thumuni za kawaida

Kishawishi cha kwanza cha mwandishi asiyeridhika na sauti ya kompyuta ni kuiandika swingi yenyewe: kujaza ukurasa tripleti, au thumuni zenye nukta na nusu thumuni, ili programu icheze kwa mnyumbuko anaoutaka. Njia hii haifai. Kwanza, karatasi huwa nzito kusomwa, na mpigaji aliyezoea jazi atazisoma tripleti hizo kwa ukakamavu ambao mwandishi hakuukusudia. Pili, uwiano huganda. Tripleti ni asilimia 67 kwa kasi yoyote ile, na kama tutakavyoona, asilimia 67 ni sahihi kwa kasi chache tu. Tatu, siku utakapotaka kupunguza swingi utalazimika kuandika upya kila kipimo (fungu la mapigo kati ya mistari miwili ya wima), ilhali kwenye mpangilio ungebadilisha tarakimu moja.

Andika thumuni za kawaida, kisha weka neno la kuonyesha mwendo juu ya kipimo cha kwanza, pamoja na kasi kwa mapigo ya dakika. Ile alama ya zamani inayoonyesha thumuni mbili zikiwa sawa na tripleti inaweza kuongezwa kwa ajili ya wapigaji, lakini usidhani kwamba programu itaisoma. Katika programu nyingi alama hiyo ni mapambo tu, na kinachobadilisha uchezaji ni kitu kingine kilichofichwa nyuma yake.

Mahali pa kuweka mpangilio

Kitu hicho kilichofichwa hutofautiana kati ya programu na programu. Katika MuseScore kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya wimbo mzima, nayo iko ndani ya menyu ya Format, kwenye Style, katika ukurasa wa Score, ambako unachagua iwapo swingi itazigusa thumuni au nusu thumuni, kisha unaandika asilimia. Thamani ya mwanzo ni 60. Ya pili ni ya sehemu ya wimbo: unaweka maandishi ya mfumo mahali mwendo unapobadilika, unafungua sifa za maandishi hayo, na ndani yake unakuta mpangilio wa swingi wenye chaguo zilezile. Maandishi ya mfumo hutawala ala zote kuanzia hapo na kuendelea, na maandishi ya mstari mmoja hutawala ala hiyo peke yake. Tofauti hii itatufaa sana baadaye. Katika MuseScore sifa ndiyo inayofanya kazi, si neno lenyewe, kwa hiyo ukifuta neno "Swing" na kuandika "kwa mwendo wa kunesa" uchezaji hautabadilika.

Sibelius hufanya kinyume chake. Ina kamusi ya maneno ya uchezaji, na neno "Swing" au "Straight" likiandikwa kama maandishi ya kasi huwasha au kuzima swingi lenyewe. Mpangilio wa jumla uko kwenye kichupo cha Play, ndani ya dirisha la Performance, ambako pana orodha ya miendo iliyokwisha kutengenezwa. Orodha hiyo haiishii kwenye jazi: imo hata ile desturi ya wanamuziki wa Ufaransa wa karne ya 17 na ya 18 ya kuzicheza kwa urefu usio sawa nota zilizoandikwa sawa, jambo linaloonyesha kwamba tatizo hili la karatasi kusema jambo moja na mpigaji kutenda jingine lina umri mkubwa kuliko jazi.

Dorico huita mpangilio huo kwa jina la mwendo wa mdundo, na hukuruhusu kuutumia kwa wimbo mzima, kwa sehemu yake, au kwa mpigaji mmoja. Sifa yake inayostahili kuangaliwa ni kwamba uwiano unaweza kufungwa na kasi, ili swingi ipungue yenyewe wimbo unapokwenda mbio. Kwa anayetumia LilyPond, programu ya kuandikia nota kwa amri za maandishi, swingi haipatikani kwenye menyu bali kwa kuliingiza faili la swing.ly na kuuzungushia muziki amri ya \tripletFeel, na hapo pia karatasi inabaki na thumuni za kawaida huku MIDI, yaani faili la maagizo ya kuchezesha nota, ikitoka na swingi.

Kuchagua asilimia kwa kufuata kasi

Vitabu vingi vya mafunzo husema kwamba swingi ni tripleti, basi. Kauli hiyo ni rahisi kufundishia lakini haiafikiani na jinsi wapigaji wanavyopiga. Mwaka 2002 watafiti Anders Friberg na Andreas Sundström walichapisha vipimo vya uwiano wa swingi katika rekodi za jazi, na walichokikuta ni kwamba uwiano wa wapiga ngoma hushuka kadiri kasi inavyopanda: kwenye nyimbo za polepole ulifika hata 3.5 kwa moja, na kwenye nyimbo za kasi sana ulikaribia moja kwa moja. Zaidi ya hayo, kuanzia kasi ya wastani kwenda juu, urefu wa nota ya kati ulibaki karibu milisekunde 100 hata pale kasi ilipobadilika.

Jambo hili la mwisho ni zana ya kazi, kwa sababu linakupa njia ya kukisia asilimia kwa hesabu ya mstari mmoja. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo na utapata urefu wa pigo kwa milisekunde. Ondoa 100 za nota ya kati, na kinachobaki ndicho kilichoachwa kwa nota ya pigo. Kwa kasi ya 200, pigo ni milisekunde 300, nota ya pigo hupata 200, na hiyo ni asilimia 67, tripleti kamili. Kwa kasi ya 240, pigo ni 250, nota ya pigo hupata 150, na asilimia ni 60. Kwa kasi ya 300, pigo ni 200, kila nota hupata 100, na asilimia ni 50: swingi imetoweka. Huo ndio ufafanuzi wa jambo ambalo kila aliyewahi kusikiliza jazi ya mbio ameliona, kwamba thumuni zake hunyooka ingawa wimbo wenyewe bado unanesa.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa polepole. Kwa kasi ya 150, milisekunde 100 za nota ya kati zingeleta asilimia 75, na chini ya hapo zingepanda zaidi. Mpiga ngoma anayepiga toazi kwenye wimbo wa polepole anaweza kweli kwenda huko, kwa kuwa mlio wa toazi huendelea kulia na kuijaza nafasi. Programu ikiwekwa asilimia 75 kwa ala zote, hata hivyo, matokeo yake ni ya kuchechemea. Kwa maoni yangu, kwa mstari wa sauti au wa ala za kupuliza kwenye kasi kati ya 100 na 140, anza na 60 na usivuke 65 isipokuwa kwa bluzi nzito au kwa mwendo ambao makusudi yake ni kuchechemea huko. Kwa kasi ya 180 hadi 220 shuka kwenye 55 hadi 58. Ukipita 260 zima swingi kabisa, uiachie mikazo kazi iliyobaki. Hizi ni thamani za kuanzia tu. Sikio lina haki ya kuzipinga, mradi lizipinge likiwa limesikiliza kwa kasi halisi ya wimbo na si kwa kasi iliyopunguzwa ili kukagua nota, kwa maana asilimia iliyopendeza kwenye 90 haitapendeza kwenye 180.

Wapo wanaohangaika na tofauti ya asilimia moja. MuseScore huigawa nota ya robo katika sehemu 480. Tripleti kamili ingeikata kwenye sehemu ya 320, na asilimia 67 huikata kwenye karibu 322. Kwa kasi ya 120 tofauti hiyo ni kama milisekunde mbili, na hakuna atakayeisikia hata kama ala nyingine inacheza tripleti zilizoandikwa. Tofauti ya asilimia tano, kwa upande mwingine, ni milisekunde 25 kwa kasi hiyohiyo, na hiyo inasikika wazi.

Ala zote hazitumii asilimia moja

Hapa ndipo uchezaji wa programu unapotengana na ule wa bendi, na panahitaji kutazamwa kwa karibu. Katika bendi, mpiga solo kwa kawaida hutumia uwiano mdogo kuliko ule wa toazi, lakini hilo haliwafanyi wasikike wakipishana ovyo. Uchunguzi wa rekodi umeonyesha kwamba mpiga solo huichelewesha nota ya pigo kidogo, nyuma ya ngoma na besi, kisha nota ya kati huipiga pamoja na toazi. Wanakutana katikati ya pigo na kuachana mwanzoni mwake.

Chukua wimbo wenye kasi ya 160. Pigo lina milisekunde 375. Tuseme toazi linachezwa kwa asilimia 62, kwa hiyo nota yake ya kati huanguka kwenye milisekunde ya 232. Saksafoni inaanza nota yake ya pigo ikiwa imechelewa milisekunde 30, na nota yake ya kati inaangukia palepale kwenye 232 pamoja na toazi. Nota ya pigo ya saksafoni imepata takriban milisekunde 202, na nota ya kati imepata takriban 173 kabla ya pigo linalofuata, ambalo nalo litachelewa 30. Ukiligawa pigo kwa namna hiyo, swingi ya saksafoni peke yake ni asilimia 54 tu, karibu sawa na thumuni zilizonyooka, na bado inafungamana na toazi la asilimia 62.

Mtu anayejua nusu ya habari hii ataweka maandishi ya mstari kwenye saksafoni, aandike 54, aache ngoma kwenye 62, halafu ashangae kwa nini mambo yameharibika. Sababu ni kwamba programu huzianza nota za pigo pamoja. Saksafoni na toazi zinakutana kwenye pigo, na nota za kati zinaachana kwa milisekunde 30, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Asilimia ndogo lazima iambatane na ucheleweshaji. Njia rahisi zaidi ni kuuandika mstari wa saksafoni kwa asilimia 54, kuutoa kama sauti au MIDI, na kuuchelewesha wote kwa milisekunde 30 ndani ya programu ya kurekodia, ambayo kwa kawaida huwa na sehemu ya kuchelewesha mstari mzima. Ukitaka kubaki ndani ya programu ya nota, Dorico hukuruhusu kuusogeza mwanzo wa sauti ya nota bila ya kuigusa nota iliyoandikwa, na Sibelius ina thamani ya mahali nota inapoanzia kwenye uchezaji hai, inayopatikana kwenye dirisha la sifa za nota. Kazi hiyo ni ya kuchosha kwa wimbo mzima, kwa hiyo ifanye kwa solo na kwa mstari mkuu pekee. Ala za kusindikiza zibaki pamoja na ngoma.

Besi inayotembea kwa nota za robo haihitaji swingi yoyote, kwa kuwa haina nota za kati za kusogezwa. Zile thumuni chache inazoruka nazo kabla ya pigo zifuate asilimia ya toazi, si ya saksafoni.

Faili la majaribio

Kabla ya kuiamini programu, andika faili dogo la kuijaribu, lenye kasi ya 120, mdundo wa robo unaosikika, na swingi iliyowekwa makusudi juu sana, kwa mfano asilimia 70, ili kila hitilafu isikike. Kipimo cha kwanza kiwe cha thumuni nane za kawaida, na hicho hakina shaka. Kipimo cha pili kiwe na thumuni, kisha nota ya robo, kisha thumuni. Hapa robo inaanza katikati ya pigo, na ni lazima icheleweshwe kama nota ya kati yoyote ile. Programu inayotafuta jozi za thumuni pekee itaiacha mahali pake, na mstari wote utasikika kama umejikwaa. Kipimo cha tatu kiwe na vituo (alama za kunyamaza) vya thumuni kwenye mapigo na nota kwenye nusu za pili tu. Cha nne kiwe na nusu thumuni nne kwa kila pigo: chini ya swingi ya thumuni zinapaswa kubaki sawa au kunyumbuka bila ya kukatika, na kila programu ina uamuzi wake. Cha tano kiwe cha tripleti zilizoandikwa, ambazo hazipaswi kuguswa. Cha sita kiwe cha thumuni zenye nukta na nusu thumuni, nazo sikiliza iwapo zimebaki kwenye asilimia 75 au zimesukumwa mbele zaidi hadi nusu thumuni ikawa kama imebanwa na mlango.

Ongeza pia mwanzoni kipimo pungufu chenye thumuni moja tu. Nota hiyo ni nota ya kati ya pigo ambalo sehemu yake ya kwanza haikuandikwa. Programu ikiihesabu kuanzia mwanzo wa kipimo itaidhania kuwa nota ya pigo, na wimbo utaanza mapema kuliko unavyotakiwa. Dawa yake, kama hitilafu ipo, ni kuandika kipimo kizima chenye vituo, na kuvificha vituo hivyo kwenye karatasi.

Mwishoni weka mabadiliko ya mwendo: vipimo viwili vya swingi, viwili visivyo na swingi, na alama ya kurudia inayomrudisha mpigaji nyuma. Programu nyingine zikirudi nyuma huendelea na mwendo wa mwisho badala ya kurejesha ule ulioandikwa mahali zilipofika. Wimbo wenye sehemu ya kati ya mwendo wa Kilatini, ambao thumuni zake hazinesi, huumizwa sana na jambo hili, na njia salama ni kuliandika tena neno la mwendo mahali pa kurudia, hata kama kwa jicho la msomaji linaonekana limezidi.

Urefu na mkazo

Asilimia ikishakuwa sawa na sauti bado haijachangamka, usiiongeze. Kosa haliko hapo. Programu hucheza nota zisizo na alama kwa urefu unaokaribia kamili na kwa nguvu moja, na thumuni za namna hiyo hazinesi hata zikiwekwa kwenye uwiano wowote. Kwa MIDI, nguvu ya mpigo hupimwa kutoka 0 hadi 127. Kwa mstari wa ala za kupuliza, jaribu kuzipa nota za pigo nguvu ya karibu 72 na nota za kati karibu 84, ukiiongeza zaidi ile nota ya kati iliyo juu kuliko jirani zake, kwa kuwa mpigaji huipa mkazo kilele cha mstari na si kila nota ya pili. Nota za kivuli, zile zinazoandikwa kwa kichwa cha msalaba au ndani ya mabano, zishuke hadi karibu 35.

Kuhusu urefu, nota ya pigo iunganishwe na nota ya kati inayoifuata, kwa hiyo iache karibu na asilimia 100 ya nafasi yake. Nota ya kati inayofuatwa na nota nyingine iwe hivyohivyo. Lakini thumuni inayofunga kifungu ikatwe fupi, hata nusu ya urefu wake. Nota ya robo iliyo peke yake kwenye swingi nayo huwa fupi kuliko ilivyoandikwa. Kwa robo za namna hiyo ni bora kuandika alama ya mkazo mfupi, ile ya kofia, kuliko kubadilisha urefu kwenye uchezaji pekee, kwa sababu mpigaji wa kweli naye anahitaji kuiona. Ile alama ya stakato ya nukta huifupisha nota bila ya kuipa uzito, na kwenye bendi ya jazi husikika kama mchezo.

Kwa ngoma, toazi kubwa lipewe nguvu kwenye pigo la pili na la nne, nota ya kati inayotangulia pigo la kwanza na la tatu iwe nyepesi, na haihati, ile jozi ya matoazi yanayogongana, ifungwe kwa mguu kwenye la pili na la nne bila ya swingi yoyote. Hilo tu linatosha kuuhuisha mpango mzima kuliko marekebisho yote ya asilimia.

Programu nyingi zina pia chaguo la kuufanya uchezaji uwe wa kibinadamu kwa kubahatisha muda na nguvu za nota. Lizime wakati unatafuta asilimia, maana huwezi kupima kwa mizani inayotikisika. Ukishamaliza, liwashe kwa kiasi kidogo, ukibahatisha muda kwa chini ya milisekunde 10. Bahati nasibu huondoa ukali wa mashine, lakini haileti swingi, kwa kuwa wapigaji hawachelewi kwa bahati. Huchelewa mahali palepale kwa kiasi kilekile, kipimo baada ya kipimo.

Swingi ya nusu thumuni hufuata mantiki hiyohiyo, ila pigo limegawanywa mara nne. Kwa fanki au hip hop ya kasi ya 90, jozi ya nusu thumuni ina milisekunde 333, na asilimia 56 huipa ya kwanza 187 na ya pili 147. Tofauti hiyo ya milisekunde 40 inatosha. Kwenye asilimia 67 mwendo huu hugeuka kuwa wimbo mwingine.

Kulitoa faili

Faili la MIDI linalotolewa na programu ya nota kwa kawaida hubeba swingi ndani ya muda wa nota. Hilo ni jema kama linakwenda kwenye programu ya kurekodia, na ni baya kama linakwenda kwenye programu nyingine ya nota, ambayo itazisoma nota za kati zilizochelewa kama tripleti, nusu thumuni na vipande vilivyofungwa kwa tai. Kwa safari ya namna hiyo zima swingi kwanza, lakini afadhali usitumie MIDI kabisa na utumie MusicXML, muundo wa faili unaohamisha nota kama zilivyoandikwa. Kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2021, MusicXML ina kipengele maalumu cha swingi kinachobeba namba mbili za uwiano na kueleza iwapo zinahusu thumuni au nusu thumuni, lakini programu inayopokea haina lazima ya kukitii. Wengi wanaohamisha kazi zao kutoka Finale, programu ya nota ambayo kampuni yake, MakeMusic, ilitangaza mwezi Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena, wanapita njia hii, na wanapaswa kulifungua kila faili, kulichezesha, na kuiweka upya asilimia pale ilipopotea. Kwa sababu hiyo liache neno la mwendo lionekane kwenye karatasi pamoja na kasi yake, na kama uliichagua asilimia kwa uangalifu, iandike mahali kwenye maelezo ya faili, kwa maana kati ya yote uliyoyaweka, tarakimu hiyo ndiyo inayopotea kwanza faili linapobadilisha programu.